Kolardi za Kusini mwa Marekani jikoni kwako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mboga yenyewe

Kolardi ndiyo sukuma wiki?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kolardi ni jamii moja na kabichi, brokoli na koliflawa, ila yenyewe haifungi kichwa. Jani lake ni pana, halina mikunjo pembeni, lina rangi ya kijani inayoelekea buluu na mshipa mnene mweupe katikati. Kinachouzwa kwa jina la sukuma wiki masokoni Kenya na Tanzania mara nyingi ni kolardi, mara nyingine ni ndugu yake keli. Aina ya Georgia, iliyolimwa Kusini mwa Marekani tangu karne ya 19, huuzwa pia kwenye maduka ya mbegu ya Kenya. Aliye Nairobi au Arusha basi hana haja ya kuagiza chochote kutoka mbali.

Jani lenye mikunjo mingi pembeni ni keli. Nalo litafaa kwa mapishi haya, ila huiva mapema na halina unono ule ule.

Mbona ladha yake haifanani na sukuma ya nyumbani?

Kwa sababu mapishi ni tofauti kabisa. Sukuma hukatwa nyembamba kama nyuzi, ikakaangwa na kitunguu na nyanya kwa dakika chache. Kusini mwa Marekani jani hukatwa vipande vikubwa, halafu huingia kwenye supu ya nyama ya moshi iliyokwisha kuiva, likatokota humo karibu saa nzima. Nyanya haimo. Anayeanza kwa kukaanga majani atapata sukuma nzuri, lakini hatapata chakula hiki. Hapa kazi kubwa ni supu, na jani huja baadaye kuinywa.

Kwa nini ichemshwe muda mrefu hivyo? Ina sumu kama kisamvu?

Haina. Kisamvu, au sombe kwa wasemaji wa Kongo, hupikwa sana ili sumu ya muhogo itoke. Kolardi unaweza hata kuila mbichi. Muda unahitajika kwa sababu jani ni gumu, na kwa sababu mboga na supu zinapaswa kubadilishana ladha.

Mmea wenyewe asili yake si Afrika. Ulifika Amerika na Wazungu. Lakini kuchemsha majani polepole na kipande kidogo cha nyama au samaki, kisha kunywa na maji yake, ni desturi ya Afrika Magharibi, na waliouendeleza mtindo huu ni Waafrika waliofanywa watumwa katika mashamba ya Kusini. Kolardi ilikuwa miongoni mwa mboga walizoweza kulima katika vibustani vyao, na nyama waliyogawiwa ilikuwa mifupa, miguu na mafuta. Mwaka 2011 jimbo la South Carolina liliifanya kolardi kuwa mboga yake rasmi.

Ninunue majani ya namna gani?

Yaliyokakamaa, yenye kijani kilichokolea na kikonyo kinachovunjika kwa sauti. Jani lenye umanjano lina uchungu na harufu kali. Tundu mbili tatu za wadudu si kasoro. Majani makubwa kama sinia ni ya kawaida katika mapishi haya, mradi si makavu.

Wapishi wa Kusini husubiri baridi ya kwanza kali, kwa sababu mmea ukipigwa na baridi hujikusanyia sukari na jani huwa tamu. Afrika Mashariki chagua mboga za nyanda za juu zenye baridi. Zilizokua kwenye joto na ukame huwa kali na ngumu.

Mama mboga amenikatia tayari. Zinafaa?

Kwa sukuma, ndiyo. Kwa mapishi haya, hapana: nyuzi nyembamba zikikaa saa nzima kwenye supu hugeuka uji, na mboga iliyokwisha kukatwa ni vigumu kuiosha mchanga. Mwombe akuuzie fungu zima. Za mfuko wa dukani, wanazokutana nazo walio Marekani, zinafaa, lakini zichambue kwanza maana mashine hukata jani pamoja na vikonyo vyake vyote.

Watu watano wanahitaji kiasi gani?

Kilo 1 ya majani pamoja na vikonyo. Ukishachambua hubaki gramu 600 hadi 700. Lundo litaonekana halitaenea sufuriani. Litaenea. Likinywea hubaki kama robo yake.

## Kuosha na kukata

Nimeosha mara mbili na bado mchanga unasagika menoni. Nakosea wapi?

Huenda unamwaga maji huku majani yamo. Mchanga uliokwisha tuama chini ya beseni unarudi juu ya mboga wakati maji yanapotoka. Jaza beseni kubwa maji baridi, tumbukiza majani, yasuguesugue kwa mkono hasa karibu na mshipa, yaache dakika tano, kisha yainue majani uyaweke kwenye chombo kingine. Mwaga maji, suuza beseni, rudia. Mara tatu ndiyo kawaida. Acha pale vidole vikipita chini ya beseni bila kugusa punje.

Maji ya kwanza yatie vijiko viwili vya chumvi, yatasaidia vidukari waachie. Wanapenda kujificha upande wa chini wa jani.

Vikonyo nitupe?

Kipande cha chini kilicho kinene kuliko kalamu kitupe. Shika kikonyo kwa mkono mmoja, zungusha vidole vya mkono wa pili kwenye mshipa, uvute kuelekea ncha, na jani litachunuka lenyewe. Mshipa mwembamba wa juu uache. Usiyependa kutupa kitu, katakata vikonyo vidogo kabisa uvitie kwenye supu dakika 20 kabla ya majani.

Nikate ukubwa gani?

Panga majani matano au sita, yakunje kama mkeka, kata vipande vya upana wa sentimita 2 hadi 3, kisha pitisha kisu mara moja kukatiza katikati ili yasiwe marefu ya kuning'inia kwenye kijiko.

## Nyama na supu

Nyama gani hutumika?

Ya kimila ni kifundo cha mguu wa nguruwe kilichokaushwa kwa moshi. Kina ngozi, mifupa na mishipa inayoyeyuka na kuifanya supu iwe nzito. Shingo ya nguruwe ya moshi hufaa vilevile. Bekoni hutumika na wenye haraka, lakini haina mfupa, hivyo supu yake ni nyepesi.

Sili nguruwe. Nifanyeje?

Tumia bata mzinga wa moshi: bawa, shingo au paja. Hiki si kiraka cha wageni. Familia nyingi za Wamarekani Weusi zilikwisha hamia huko, baadhi kwa sababu ya dini, baadhi kwa sababu ya mafuta, na wako wanaosema ni tamu kuliko nguruwe. Bawa la bata mzinga lina gegedu nyingi, kwa hiyo ndilo bora.

Mahali ambapo bata mzinga wa moshi hapatikani, tumia mbavu za ng'ombe zilizokaushwa kwa moshi, au kuku wa moshi mwenye mifupa. Samaki wa moshi, kwa mfano kambare, hutoa supu nzuri sana, ingawa huo si mtindo wa Kusini tena. Usimchemshe kama nyama. Mtie dakika 20 za mwisho, la sivyo atasambaratika na miba itaenea sufuria nzima.

Na bila nyama kabisa?

Inawezekana, mradi ujue unachokosa: moshi, chumvi, mafuta na uzito. Kaanga vitunguu viwili kwenye vijiko vinne vya mafuta kwa dakika 20, moto mdogo, mpaka viwe rangi ya kahawia. Ongeza uyoga mkavu uliorowekwa pamoja na maji yake, kijiko cha chai kimoja na nusu cha paprika ya moshi na vijiko viwili vya mezani vya mchuzi wa soya. Mimina maji lita 1 na robo, chemsha nusu saa, ndipo utie majani. Usibane mafuta. Kolardi isiyo na mafuta ina ladha ya dawa.

Nyama imechemka saa mbili na bado ni nyekundu ndani. Haijaiva?

Imeiva. Rangi hiyo inatokana na chumvi maalumu ya kuhifadhia iliyotumika kabla ya moshi, na haiondoki kwa kupika. Pima kwa uma: nyama ikiachia mfupa bila kuvutwa, tayari.

## Kupika

Nipe hatua zote kwa kilo moja.

Andaa nyama ya moshi gramu 500 hadi 700, maji lita 2, kitunguu maji kikubwa kimoja, punje nne za kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha pilipili kavu iliyopondwa, pilipili manga, sukari kijiko kimoja cha chai na siki kijiko kimoja cha mezani. Siki ya tufaha ndiyo inayotumika zaidi, ila nyeupe haikatazwi. Chumvi iweke mbali kwa sasa.

Weka nyama na maji sufuriani, chemsha, engua povu. Tia kitunguu kilichokatwa, saumu iliyopondwa na pilipili zote. Punguza moto hadi supu itokote taratibu, funika huku umeacha upenyo. Kifundo cha nguruwe kinataka saa moja na nusu, bawa la bata mzinga saa moja.

Sasa onja. Hapa ndipo wengi hupita haraka na kujuta. Supu inapaswa kuwa imebaki kama lita 1 na robo na iwe kali kidogo kuliko unavyopenda kuinywa, kwa sababu majani yatatoa maji yake na kuifanya nyepesi. Ikiwa bado ina ladha ya maji, ondoa kifuniko, ongeza moto, ipungue. Majani yakishaingia umechelewa.

Toa nyama, iache ipoe, chambua mifupa, katakata. Huku nyuma tia majani kwa mafungu: konzi tatu nne, yakandamize kwa mwiko, subiri dakika mbili yanywee, ongeza mengine. Yakishaingia yote, supu iyafikie karibu juu, lakini yasiogelee. Funika, moto mdogo, dakika 45 hadi 60, ukigeuza kila baada ya robo saa.

Dakika kumi za mwisho rudisha nyama, tia sukari na siki, onja, na sasa ndipo uamue juu ya chumvi. Mara nyingi haitakiwi. Epua, acha sufuria imefunikwa dakika 15. Kesho yake zitakuwa tamu zaidi.

Nitajuaje zimeiva?

Chukua kipande chenye mshipa, kitafune. Kiwe laini bila kupigana na meno, lakini jani libaki na umbo lake. Likishikana na mwiko kama ugali mwepesi, umepitiliza. Rangi itakuwa kijani cha zeituni, na ndivyo inavyotakiwa.

Kwangu Nairobi zinachukua muda mrefu zaidi. Jiko langu ni bovu?

Si jiko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kuongeza moto hakupandishi joto hilo, kunakausha supu tu. Ongeza dakika 15 hadi 20 kwenye majani na nusu saa kwenye nyama, au tumia sufuria ya presha.

Sufuria ya presha natumiaje?

Nyama na maji lita 1 na nusu kwa dakika 40, acha presha ishuke yenyewe. Chambua nyama, tia majani, funga tena dakika 10 hadi 12. Usiyapike majani pamoja na nyama tangu mwanzo, maana dakika 40 za presha huyafanya lami. Sufuria ya presha haipunguzi maji, kwa hiyo mwishoni ichemshe wazi dakika kumi supu ijikusanye.

Siki nitie lini?

Mwishoni. Asidi huzuia jani kulainika, na ukiitia mwanzoni unaweza kupika saa mbili ukabaki na mboga inayotafunika kama turubai. Ndimu au limau vinashika nafasi yake, ila vitie baada ya kuepua.

Sufuria yangu ni ya alumini. Kuna neno?

Kwa supu na majani, hapana. Siki ndiyo tatizo: asidi ikichemka kwenye alumini huila, chakula kikapata ladha ya kopo. Gawa chakula kwanza, siki kila mtu ajitilie sahanini. Sufuria ya stenlesi au ya enameli haina shida hiyo.

Naweza kutia magadi ziive haraka?

Unaweza, ila utalipia. Magadi hubomoa kuta za jani, likawa laini na lenye utelezi kabla halijanywa supu, na huharibu vitamini C na B1. Kijani kinachong'aa kitakudanganya. Ukiwa na haraka, presha ni bora.

Nichanganye na majani mengine?

Kusini huchanganya kolardi na majani ya haradali na ya tanipu. Hayo ni mepesi, yatie nusu saa baada ya kolardi. Kabichi nayo vilevile. Mchicha usiuweke, utapotea.

## Zinapoharibika

Zimekuwa chungu.

Majani yalikuwa makuukuu au ya msimu wa joto. Ongeza sukari nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo na tone la siki. Vyote vitatu huufunika uchungu, sukari peke yake hufanya mboga ionekane kitindamlo. Mara nyingine, ukijua majani ni makali, yachemshe kwanza dakika tatu kwenye maji mengine uyamwage. Utapoteza ladha kiasi, kwa hiyo usifanye kwa mazoea.

Chumvi imezidi.

Nyama ya moshi ilikuwa na chumvi nyingi. Chota supu kikombe kimoja au viwili, weka maji ya moto mahali pake, au ongeza majani. Kiazi kinachosifiwa kwa kazi hii hunywa supu pamoja na chumvi yake, kinachobaki ni kikali vilevile. Nyama ukiishuku, ichemshe dakika kumi peke yake na kumwaga maji hayo kabla ya kuanza.

Nyumba nzima inanuka.

Jamii ya kabichi ina salfa, na kadiri inavyochemka kwa fujo ndivyo inavyoitoa. Moto uwe mdogo. Harufu ikiwa nzito sana, majani yalikuwa yameanza kuzeeka.

Supu ni nyingi na haina ladha.

Ulitia majani mapema. Tazama hatua ya kuonja kwenye swali la hatua zote. Kwa sasa opoa majani, ichemshe supu peke yake mpaka ibaki nusu, uyarudishe.

## Mezani

Huliwa na nini?

Mkate wa mahindi uliookwa kwenye kikaango kizito cha chuma, kuku wa kukaanga, au nyama ya nguruwe. Siku ya Mwaka Mpya kolardi huliwa pamoja na kunde, kwa imani kuwa huleta pesa: mboga ni noti, kunde ni sarafu. Ugali unashikana nazo vizuri kabisa, na hakuna Mmarekani wa Kusini atakayeshangaa ukimweleza kuwa ni unga wa mahindi.

Supu inayobaki ina jina lake, potlikker, na hainywewi kwa aibu. Mwaka 1931 mwanasiasa wa Louisiana, Huey Long, alizozana na gazeti la Atlanta Constitution kuhusu namna ya kuila: yeye alitaka mkate uchovywe, gazeti likatetea kuuvunjavunja ndani ya bakuli. Ukivunja, usisubiri. Mkate hulegea mara moja.

Ile siki ya pilipili ya mezani inatengenezwaje?

Jaza chupa safi ya kioo pilipili mbichi ndogo, uzichome tundu moja moja kwa sindano ili siki ipenye. Chemsha siki nyeupe yenye chumvi kidogo, imimine mpaka izifunike, funga. Baada ya wiki moja hadi mbili iko tayari. Ikipungua, ongeza siki.

## Kuhifadhi na afya

Zinakaa siku ngapi?

Mbichi, bila kuoshwa, zikiviringishwa kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya friji: siku nne hadi tano. Zilizopikwa: siku tatu hadi nne. Sufuria kubwa ikiachwa mezani hupoa polepole mno, kwa hiyo gawa kwenye vyombo vifupi na uingize frijini kabla ya saa mbili kupita. Ukipasha, zichemke kweli.

Kugandisha zilizopikwa, zigandishe na supu yake. Mbichi zinatakiwa zitumbukizwe kwanza kwenye maji yanayochemka dakika tatu, kisha maji ya barafu, zikamuliwe. Ukiruka hatua hiyo zitakuwa na ladha ya majani makavu ndani ya wiki chache.

Kuchemsha hivyo hakumalizi vitamini?

Vitamini C nyingi hupotea kwa moto. Madini na vitamini nyingine zinazoyeyuka majini huhamia kwenye supu, basi kunywa supu. Vitamini K na karotini inayogeuka vitamini A mwilini huvumilia moto, na mafuta husaidia mwili kuzipokea. Kalsiamu ya kolardi hupokelewa vizuri kuliko ya spinachi. Mwenye presha ya damu aangalie zaidi chumvi ya nyama: atumie kipande kidogo na asiongeze nyingine.

Natumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Nile au nisile?

Kolardi ina vitamini K nyingi mno: kikombe kimoja kilichopikwa hupita mahitaji ya siku zaidi ya mara tatu, na vitamini hiyo hupunguza nguvu ya warfarin. Hatari kubwa ni kubadilika ghafla, kama kutokula mwezi mzima kisha kula sahani mbili kwenye sikukuu, au kuacha ghafla ulichozoea. Mwambie daktari wako unakula kiasi gani kwa wiki, ili kipimo cha dawa kipangwe kulingana na hicho, nawe ukishike kiasi hicho hicho. Potlikker nayo ihesabu.